Mgeni ni Nani? Historia ya Kumlinda Binti katika Arua na Koboko

Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha agizo la Jumuiya ya Afrika Mashariki la kukifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi, na likapendekeza kifundishwe kama somo la lazima katika shule za msingi na za sekondari. Tangu hapo walimu wa somo letu wameulizwa maswali mengi kuhusu vitabu, idadi ya vipindi na ajira. Liko swali moja ambalo halijaulizwa sana, nalo ndilo tunalokusudia kulijadili katika makala haya. Binti wa West Nile anayejifunza Kiswahili leo anajifunza lugha ya nani? Kwa nyanya yake, awe wa Arua au wa Koboko, Kiswahili kilikuwa kwa muda mrefu lugha ya mtu asiyejulikana, na mara nyingi mtu huyo alikuwa na bunduki. Nyanya alifunzwa kuisikia lugha hiyo kwa mbali na kutoka njiani.

Jambo hili linatugusa walimu wa lugha moja kwa moja, kwa sababu karibu kila kitabu cha kiada huanza na maamkizi na kujitambulisha. Hujambo? Unaitwa nani? Unatoka wapi? Unakaa na nani? Unasoma shule gani? Mwanafunzi hupewa alama kwa kuyajibu yote, kwa sentensi kamili na kwa sauti ya kusikika. Mzazi yeyote wa mjini atatuambia kwamba hayo ndiyo maswali ambayo hataki bintiye ayajibu akiulizwa na mwanamume asiyemjua, njiani, saa kumi na mbili jioni. Mzazi huyo huyo anampeleka mtoto shuleni akitarajia apate alama zote za maamkizi.

Tatizo linaanzia kwenye neno lenyewe. Kiswahili kina neno moja, mgeni, kwa mtu anayekaribishwa na kwa mtu asiyejulikana. Methali zetu zimegawanyika vivyo hivyo. Ile ya mgeni njoo mwenyeji apone inatutaka tufungue mlango, na ile ya mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe inatutaka tumtazame vizuri anavyokaa. Hakuna kati yao inayosema mgeni afukuzwe. Kwa hiyo mwalimu anayesimama mbele ya darasa na kusema "jihadharini na wageni" anasema jambo ambalo masikioni mwa Mswahili ni ukosefu wa adabu, na kwa mtoto ni kitendawili, kwani nyumbani ameambiwa akimbilie mgeni ampokee mzigo. Sisi tunapendelea kusema "mtu usiyemjua". Ni maneno mawili badala ya moja, lakini yanaeleza kinachokusudiwa.

Turudi sasa nyuma, kabla ya Arua kuwa mji. Mwanaanthropolojia John Middleton, aliyeishi na Walugbara kati ya 1949 na 1952, aliandika kwamba kwao umbali wa mtu ulikuwa pia kipimo cha tabia yake. Karibu kabisa walikuwa ndugu wa ukoo. Mbele kidogo walikuwa majirani, ambao watu walioana nao na pia walipigana nao. Mbele zaidi walikuwa watu waliodhaniwa kuwa na uchawi, na mbali kupita wote walikuwa viumbe waliopinduka, wanaotembea kwa kichwa. Wazungu wa kwanza kufika waliwekwa katika kundi hilo la mwisho. Msomaji wa leo anaweza kucheka, lakini afikirie jinsi sisi wenyewe tunavyosimuliana habari za watu wa nchi ya mbali.

Hata hivyo, imani hiyo haikumfundisha binti kumkimbia kila asiyemjua. Isingewezekana. Ukoo wa Walugbara ni wa upande wa baba, na watu wa ukoo mmoja hawaoani. Kila binti alikua akijua kwamba mume wake atatoka nje, kwa watu ambao huenda hajawahi kuonana nao, na kwamba yeye mwenyewe siku moja atakuwa mgeni kwenye boma la wengine. Angefunzwa woga tu, asingeolewa. Alichofunzwa ni utaratibu. Kijana aliyetokea alitakiwa ajulikane kwanza: ni wa ukoo gani, mama yake katoka wapi, nani hapa anamfahamu. Mtu akishataja ukoo wake, wazee wanajua ni kwa nani waende kudai endapo ataleta madhara. Ukoo ulikuwa ndio dhamana yake.

Tunaomba msomaji aikumbuke hatua hiyo: katika utaratibu huo anayeulizwa na kujieleza ni mgeni. Binti yuko upande wa wanaosikiliza.

Mwanzo wa karne ya ishirini eneo hili lilikuwa sehemu ya Lado, nchi aliyopewa Mfalme Leopold wa Ubelgiji aitawale kwa muda wa maisha yake. Alifariki Desemba 1909. Lado ikarudishwa Sudan mwaka 1910, na mwaka 1914 sehemu yake ya kusini ikaunganishwa na Uganda. Mwaka huo huo Waingereza waliweka kituo chao cha utawala Arua. Katika miaka hiyo ya katikati wawindaji wa pembe za ndovu waliingia na kutoka wapendavyo, na watu wa huku waliwajua wageni wengi ambao hawakuwa na ukoo wa kuutaja.

Utawala ulikuja na lugha yake. Askari wa zamani wa Emin Pasha, ambao wazao wao ni Wanubi wa leo, walikuwa na Kiarabu chao kilichokuja kuitwa Kinubi. Jeshi la King's African Rifles lilitumia Kiswahili cha amri, kile ambacho wanaisimu wamekiita Ki-KAR. West Nile haikupewa mashamba makubwa wala viwanda. Ilifanywa kuwa mahali pa kutoa wanaume: wengine walikwenda kwenye mashamba ya miwa na pamba ya kusini, wengine jeshini na polisi. Wake na mabinti walibaki nyumbani. Kaka aliyerudi likizo Koboko akiwa amevaa sare alirudi pia na Kiswahili, hivyo haitakuwa kweli kusema kwamba lugha hii ililetwa na watu wa nje peke yao. Ilikuwa lugha ya mtoto wa nyumbani aliyegeuka kuwa mtu mwingine.

Wakati huo huo milango mingine ya kujifunza Kiswahili ilifungwa. Gavana Gowers alipendekeza mwaka 1927 kipewe nafasi kubwa katika shule za Uganda. Kabaka Daudi Chwa akapinga, na maaskofu nao wakapinga. Mwaka 1952 kikaondolewa kabisa katika orodha ya lugha za kufundishia shuleni, isipokuwa kwa polisi na jamaa zao. Uamuzi huo haujapewa uzito unaostahili katika historia ya somo letu. Kizazi kizima cha Waganda kilikutana na Kiswahili mahali ambapo hapakuwa na mwalimu, hadithi, shairi wala mchezo. Walikutana nacho kambini na kwenye kituo cha polisi.

Baada ya hapo alikuja Idi Amin, ambaye ukoo wa baba yake ni Wakakwa wa Koboko, na ambaye aliingia King's African Rifles mwaka 1946. Agosti 1973 alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa, lakini tangazo hilo halikufuatwa na mpango wa maana wa kukifundisha shuleni. Lugha ikabaki ilipokuwa, midomoni mwa wenye sare. Kusini mwa nchi mtu akisikia Kiswahili mlangoni usiku alijua kwamba amekuja askari au jambazi, na watu hawakuona tofauti kubwa kati ya hao wawili.

Kwa West Nile zamu ya kuogopa ilikuja baadaye. Mwanzoni mwa Juni 1979 majeshi ya Tanzania yalifika mpaka wa Sudan na vita vikaisha. Wazee wengi wa Arua huwasifu askari wale wa Tanzania kwa nidhamu yao, na huwatofautisha sana na waliowafuata. Oktoba 1980 waliokuwa askari wa Amin walivuka kutoka Sudan wakaishambulia Koboko na Arua. Jeshi jipya la serikali, UNLA, liliporudi lililipiza kisasi kwa raia. Nyumba zilichomwa, mji ukaporwa, na sehemu kubwa ya watu wa wilaya ikakimbilia Sudan na Zaire. Tarehe 24 Juni 1981 wanajeshi waliwashambulia raia waliokuwa wamejihifadhi katika misheni ya Ombaci, kilomita chache kutoka Arua mjini, wakaua watu wengi. Arua inaikumbuka tarehe hiyo mpaka leo.

Katika miaka ile msichana alifunzwa nini? Alifunzwa mambo ambayo hayamo katika kitabu chochote cha malezi. Asilale nyumba moja siku mbili mfululizo. Asiende kisimani peke yake. Avae nguo za mama mzee, ajipake majivu. Akisikia Kiswahili porini, alale chini na asijibu. Hizi ni simulizi zinazosikika katika nyumba nyingi za huku, na anayefundisha West Nile atazipata bila kutafuta mbali, mradi aulize kwa heshima na awe tayari kukubali kimya pale anapopewa kimya.

Na palikuwa na kizuizi cha barabarani. Jina? Unatoka wapi? Unakwenda wapi? Unakaa na nani? Kitambulisho kiko wapi? Utaratibu wa kale ulipinduliwa, miguu ikawa juu kama wale viumbe wa Middleton. Mgeni, ambaye hakuna aliyejua jina lake wala ukoo wake, ndiye aliyeuliza, na mwenyeji akawa wa kujibu. Wanawake waliojua Kiswahili kidogo walikuwa na nafuu, kwa sababu waliweza kujieleza na kutaja jina la afisa fulani. Waliweza pia kumwita askari "mwanangu" au "kaka" ili akumbuke kwamba naye ana dada. Wasiojua walisimama kimya, na kimya kilichukuliwa kuwa ukaidi.

Mwalimu mwenzetu alinganishe mwenyewe maswali ya kizuizini na yale ya somo la kwanza la vitabu vyetu.

Uhamishoni nako kulikuwa na shule yake. Barbara Harrell-Bond, katika kitabu chake cha 1986, alieleza maisha ya wakimbizi wa Uganda katika eneo la Yei, Sudan. Wapo waliokaa makambini na wapo waliojitafutia makao miongoni mwa wenyeji. Kwa binti, kukimbia kulimaanisha kuwa mgeni yeye mwenyewe, kuomba maji kwa watu wasiomjua, kukata kuni katika ardhi ya wengine. Waliporudi katikati ya miaka ya 1980 walirudi na Kiarabu cha Juba, Kilingala na Kiswahili cha Kongo. Kiswahili hiki cha upande wa magharibi kilikuwa na ladha nyingine. Kilikuwa cha soko, cha Aru na Ariwara, cha mama anayeuza samaki wakavu na kupunguza bei. Sisi tunaamini, ingawa wenzetu wengine wanaweza kubisha, kwamba kama Kiswahili kimepata kupendwa West Nile, sifa ni za mama huyo kuliko za kamusi zetu.

Amani haikukamilika mara moja. Miaka ya 1990 palikuwa na West Nile Bank Front na UNRF II, na safari ya Kampala kupitia Karuma ilifanywa kwa misafara ya ulinzi kwa hofu ya waasi wa LRA. Mkataba kati ya serikali na UNRF II ulitiwa saini Desemba 2002. Katika kipindi hicho hicho serikali ilianza kulitazama suala la usalama wa wasichana kwa njia ya sheria. Marekebisho ya mwaka 1990 yalipandisha hadi miaka 18 umri wa msichana anayelindwa dhidi ya kunajisiwa, kutoka 14. Elimu ya msingi bila ada, iliyoanza 1997, iliwatoa wasichana wengi zaidi nyumbani na kuwaweka njiani, asubuhi na jioni, kilomita kadhaa kila siku. Shule zikateua mwalimu wa kike wa kushughulikia mambo ya wasichana, kazi ambayo zamani ilikuwa ya shangazi, dada wa baba. Shangazi alikuwa na binti mmoja au wawili wa kuwafunda. Mwalimu huyu amepewa mia tatu, na bado ana vipindi vyake vya hesabu.

Ilipofika miaka ya 2010 barabara ya Vurra, Arua, Koboko hadi Oraba ikatiwa lami. Atakayesimama Koboko mjini jioni ataona barabara hiyo imeleta nini: trela za kwenda Juba, madereva wa mataifa matatu au manne, loji, vibanda vya chipsi, na bodaboda zilizojipanga kwenye steji. Lugha inayowaunganisha wengi wao ni Kiswahili. Hatusemi kwamba dereva ni mtu mbaya. Wengi wao ni baba za watu. Lakini Uganda imekwisha kuona ujenzi wa barabara unavyoweza kuwafanya wasichana. Desemba 2015 Benki ya Dunia ilifuta fedha za mradi wa barabara ya Kamwenge, magharibi mwa nchi, baada ya malalamiko kwamba baadhi ya wafanyakazi wa ujenzi walikuwa wakijihusisha kimapenzi na wasichana wadogo wa vijiji vya njiani. Hao hawakutokea msituni. Walikuwa na kofia za kazi, na walitoa lifti na pesa za sabuni.

Hapa historia inatudai tahadhari ya pili. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliotolewa na serikali mwaka 2018, ulionyesha kwamba kiasi cha asilimia 35 ya wanawake wa miaka 18 hadi 24 walifanyiwa ukatili wa kijinsia kabla ya kutimiza miaka 18. Majirani walikuwa miongoni mwa waliotajwa mara nyingi kuwa watendaji. Shule zilipofungwa kwa sababu ya UVIKO-19, kuanzia Machi 2020 hadi Januari 2022, wasichana waliobeba mimba wakiwa nyumbani hawakuwa wamesafiri popote. Mtu usiyemjua ni sehemu tu ya habari. Lugha yetu inaweza pia kumgeuza mtu wa namna hiyo kuwa ndugu kwa neno moja: akiitwa "anko" leo, kesho ana haki ya kutumwa dukani na kuingia uani. Maneno ya ujamaa ni hazina ya Kiswahili, nasi hatupendekezi yaachwe. Tunasema tu kwamba mwanafunzi aambiwe waziwazi kuwa kumwita mtu mjomba hakumfanyi awe kaka wa mama.

Tahadhari ya tatu inahusu wasichana wengine. Tangu vita vya Sudan Kusini vya 2013, na hasa baada ya mapigano ya 2016, maelfu kwa maelfu ya wakimbizi wameingia West Nile na kupokewa Rhino Camp, Imvepi na kwingineko. Lobule, katika wilaya ya Koboko, wapo wakimbizi kutoka Kongo. Wengi wao ni wanawake na watoto. Baadhi ya nyanya wa Koboko waliwahi kupewa hifadhi na nyanya wa wasichana hawa hawa, wakati safari ilipokuwa ya kuelekea upande wa pili. Tukiingia darasani na kusema wageni ni hatari, tutakuwa tumemnyooshea kidole mtoto aliyeketi dawati la tatu, ambaye akitumwa kuni jioni yuko hatarini kuliko mwenyeji. Darasa la Kiswahili mara nyingi ndilo mahali pekee ambapo yeye na mwenyeji wanaanza wote wakiwa hawajui kitu, na pengine yeye amemtangulia.

Basi mwalimu afanye nini na lile somo la kwanza? Maamkizi yabaki. Ila tunapendekeza kwamba pamoja na majibu, msichana afundishwe tangu wiki ya kwanza kuuliza, kama walivyouliza wazee wa boma: Wewe ni nani? Umetumwa na nani? Unamtafuta nani hapa? Sarufi yake si ngumu kuliko ile ya kujibu. Afundishwe pia kwamba swali linaweza kujibiwa kwa swali, kwa mfano "Kwa nini unauliza?", na kwamba jibu hilo halimnyimi alama. Kanusho, ambalo vitabu vingi hulichelewesha mpaka muhula wa pili, litangulie: sikujui, sitaki, siendi, sipandi. Amri nazo zifundishwe kwa sauti inayofaa, maana "niache!" inayosomwa kwa unyonge kama sentensi ya ubaoni haitamsaidia mtu. Tumeona wanafunzi wa ualimu wakicheka mara ya kwanza wanapotakiwa kupaza sauti, kisha darasa la jirani likaja kuuliza kuna nini.

Mazungumzo ya kuigiza yawekwe mahali halisi: steji ya bodaboda ya Arua, foleni ya maji, lango la shule, mpakani Oraba. Wavulana waigize pia, na si sehemu ya dereva peke yake. Wapewe nafasi ya kaka anayeingilia kati na nafasi ya mtu anayekataliwa na kukubali kukataliwa. Na katika somo la nambari, badala ya kuhesabu maembe, wanafunzi wajifunze kusema moja, moja, sita. Ni nambari ya simu ya bure ya kuwasaidia watoto nchini Uganda, iliyoanzishwa mwaka 2014. Waliotafuta jina la huduma hiyo walichagua neno la Kiswahili, katika nchi ambayo lugha hii ilikuwa ikizima taa za nyumba. Waliiita Sauti.